Nyumbu wa Kampuni

Kampuni yetu ilitupa uhuru Jumatano moja baada ya chai ya saa nne, na waliopiga makofi ni wale ambao hawakuwa wamesikia vizuri. Tulikuwa tumekusanywa kantini, sisi wa ghala, watu wa mashine na watu wa ofisini, chini ya feni ambayo sijawahi kuiona ikizunguka tangu niajiriwe. Madam wa ofisi ya wafanyakazi alisimama mbele ya picha zilizoangazwa ukutani akatuambia kwamba kuanzia Januari hatutapewa tena marupurupu kama watoto wanaopakuliwa chakula. Tutajipakulia wenyewe. Kila mtu atapewa pointi zake, atachagua anachotaka na kuacha asichotaka, na kila mwaka vitu vitabadilika nasi tutachagua upya. Kwa Kiingereza jambo hilo lina jina refu. Aliyelipwa kulitafsiri alikuwa ameliandika ukutani kwa herufi kubwa za bluu: MARUPURUPU NYUMBUFU.

Mimi maana ya nyumbufu naijua. Nilifunzwa na mwalimu aliyependa maneno ya aina hiyo kuliko alivyotupenda sisi. Ni kitu kinachopindika bila kuvunjika. Lakini dereva wetu wa foklifti, mwanamume wa kutoka Magharibi mwa Kenya mwenye sauti nzito ya kwaya, alilisoma polepole na kuishiwa pumzi katikati. "Nyumbu," akasema. "Wametupatia nyumbu." Kufikia saa za kutoka, kuanzia langoni hadi kwenye vibanda vya chapati upande wa Mukuru kwa Reuben, hakuna aliyelijua jina jingine. Umechagua nyumbu wako? Wangu ni wa meno. Ati nyumbu wa mwaka huu amekonda.

Zamani mambo yalikuwa rahisi na hayakuwa na heshima yoyote. Krismasi ulipewa unga, mafuta ya kupikia na sukari, na ulikuwa na kadi ya hospitali yako na ya watoto. Hukuulizwa kitu. Sasa tuliulizwa kila kitu. Tungeweza kuchagua mazoezi ya viungo katika jumba moja lenye vioo kule mjini. Tungeweza kukandwa mabega. Kulikuwa na mafunzo ya kupunguza msongo wa mawazo, ambayo yangefanyika saa za kazi, kwa hivyo ungeyamaliza ukakuta kazi imekungoja na msongo wake. Kulikuwa na bima ya mnyama kipenzi. Mimi ninaishi mtaa unaoitwa Tena, na kwenye ploti yetu kuna paka mmoja ambaye ni wa kila mtu anayekaanga omena. Sikujua ningemwandikisha kwa jina la nani.

"Mimi siku nzima nanyanyua magunia," dereva wa foklifti aliniambia, ingawa kusema kweli magunia hunyanyuliwa na foklifti. "Halafu jioni niende mjini ninyanyue vyuma? Sista, nitafutie kitu cha mazishi." Nikamtafutia. Alichagua bima ya mazishi ya wazazi wa mkewe, maana kwao mkwe akifa nawe huna kitu mkononi, hadithi yako itasimuliwa hata baada ya wewe mwenyewe kuzikwa.

Ndiyo, alikuja kwangu, na wengine walikuja. Mimi ni karani wa ghala, kazi yangu ni kujua kipi kimeingia na kipi kimetoka, na nyumbu nilimshika vivyo hivyo. Kampuni ilitutumia ujumbe kwenye simu karibu kila wiki. Kaa sambamba na marupurupu yako. Je, umeangalia mabadiliko mapya? Watu waliufuta bila kuusoma, wakidhani ni ule wa kushinda gari. Mimi niliusoma. Nilijua mwezi ambao miwani iliondolewa ikarudi na masharti. Nilijua kwamba dirisha la kuchagua hufunguliwa Januari na kufungwa kabla ya mwezi kwisha, na likifungwa limefungwa. Dereva alianza kuniita waziri wa nyumbu, na sitadanganya, nilipenda.

Lakini haukuwa ujuzi wa bure. Nilikuwa na mama.

Mama yangu anakaa kwetu Ukambani, na anakaa huko kwa sababu kule anajua kila jiwe. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yake kwa muda mrefu. Hatukujua kama haoni, maana hakukosea njia. Nilikuja kugundua alipotutembelea huku Tena nikamsikia akisalimia, kwa adabu zote, tangi la maji lililo kwenye ngazi. Alilisalimia likanyamaza, akaniambia watu wa Nairobi wana kiburi. Siku hiyohiyo alitia sukari kwenye mboga na chumvi kwenye chai, akanywa yote bila neno ili nisijue. Nikajua.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, tena macho yote mawili, na moja limekomaa kabisa. Ni upasuaji mdogo, akasema. Mama alisema mdogo kwa anayekata. Kwa miaka mingi alikataa katakata. Jirani yake mmoja alikuwa amepasuliwa zamani akarudi haoni kabisa, na mama alimtaja huyo kwa kila aliyemwendea na maneno ya hospitali. Hospitali ya serikali niliwahi kumwekea nafasi. Foleni ilikuwa ndefu mpaka akapata muda wa kubadilisha nia na kurudi kwake na basi la asubuhi. Kwa hivyo nyumbu alipokuja, akaja na nafasi ya kumweka mzazi, sikufikiri mara mbili. Niliacha meno. Niliacha miwani yangu mwenyewe. Mabega yangu yakabaki yalivyo. Pointi zote zilizobaki baada ya kumweka mtoto wangu zilienda kwa mama.

Na mama, nilipomweleza, alichezea ukingo wa leso yake, kisha akasema, "Haya. Nitaenda mara moja. Wakinirudisha mlangoni, mimi sirudi tena, na wewe usinifuate."

Namjua mama yangu. Neno lake likishatoka limetoka. Hiyo mara moja ndiyo niliyokuwa nayo.

Sasa nieleze kuhusu mtoto wangu, la sivyo yaliyotokea hayataeleweka. Nina binti mmoja. Kwetu binti wa kwanza huchukua jina la nyanya wa upande wa baba, lakini baba yake wakati huo alikuwa amebadilisha namba ya simu, na nisingempa mtoto jina la mwanamke ambaye mwanawe hapatikani. Nikampa la mama yangu. Mama alifurahi, halafu akaweka sharti: asipewe nusu. Mtu hapewi nusu ya mtu, akasema. Kwa hivyo mtoto akapewa jina la ubatizo la mama, na jina la nyumbani la mama, na kwa kuwa jina la baba lilikosekana akapewa la babu, ambalo ndilo mama analotumia tangu aolewe. Majina yote matatu, kwa mpangilio uleule.

Anayetoka kwetu haoni ajabu hapo. Huyo ni wajina wake, na wajina ni zaidi ya jina. Mimi nikimwita binti yangu humwita Mama, hata ninapomtuma dukani. Nikikasirika siwezi kumchapa vizuri, maana mkono unakataa. Ni nani anayemchapa mama yake? Naye mama akisikia mtoto amepewa kipande kidogo cha nyama huniuliza, "Mbona mnaninyima?" Nyanya mmoja, miili miwili, na katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kuchanganyikiwa.

Kampuni ya bima haitoki kwetu.

Tulifika hospitali mwezi wa sita, asubuhi, mama akiwa amevaa gauni la kanisani na kiondo begani kama mtu anayekwenda harusini. Hakuwa amelala. Nilimsikia akiomba, na katika maombi yake alimkumbusha Mungu kwamba jicho ni moja tu analotoa kwanza. Dada wa mapokezi aliangalia kompyuta yake, akamwangalia mama, akaangalia nyuma yetu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto gani?"

"Mgonjwa. Hapa inaonyesha ana miaka minane."

"Mtoto ni wa jicho," nikamwambia. "Mgonjwa ni huyu."

Dada hakucheka, na hata mimi sikuwa nacheka. Alibonyeza tena na tena. Jina lipo, akasema, lakini lipo mara moja, na mwenye jina ni mwanafunzi wa gredi ya pili. Mama, ambaye masikio yake hayana ugonjwa wowote, alijisogeza karibu na dirisha. "Mwambie nashukuru," akasema, "lakini nimepita hapo kidogo."

Nilimpigia simu madam wa ofisi ya wafanyakazi. Si mtu mbaya, na niliposikia akipumua nilijua kwamba anaona aibu. Alinieleza kwamba mfumo umesafishwa. Nilimuuliza umesafishwa na nani, akasema na mfumo. Ulikuwa umepitia majina yote, na palipokuwa na jina lililojirudia, majina yote matatu, chini ya mfanyakazi yuleyule, ukalihesabu kama kosa la mtu aliyebonyeza mara mbili. Ukaacha moja. Uliacha lile lililoandikwa kwanza, na mimi nilikuwa nimemwandika mtoto kwanza. Ujumbe walitutumia, akasema.

Nilikuwa nimeusoma. Ulisema: Tumeboresha taarifa zako ili ufurahie marupurupu yako zaidi. Mimi, waziri mzima, nilifurahia nikauacha.

"Basi mrudishe," nikasema.

"Dirisha limefungwa mpaka Januari. Labda kama kuna tukio la maisha."

"Tukio gani?"

"Ndoa. Kujifungua. Au kifo kwenye familia." Alishusha sauti kwenye hilo la mwisho. "Kuna chochote?"

Simu yangu hupiga kelele, kila neno husikika hata ukiishika sikioni. "Mwambie nikifa nitamjulisha," mama akasema.

Watu walikuwa wameanza kutuangalia. Nilimwambia madam maneno ambayo siyaandiki hapa kwa sababu bado nafanya kazi pale. Nilimwambia kwamba huyu ni mwanamke mzima aliyenizaa, amefunga jana usiku kucha, na kwamba nyumbufu maana yake kupindika, na sijaona kilichopindika hapa ila mgongo wangu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema kuna kitu kimoja anachoweza kufanya, na anaweza kukifanya sasa hivi. Hawezi kuongeza mtu. Anaweza kusahihisha mtu. Nafasi ni moja na jina ni moja. Kinachobadilika ni umri tu. Anaweza kuifanya iwe ya mama leo, na mtoto atarudi Januari dirisha likifunguliwa.

"Nikuwekee nani?" akauliza.

Kabla sijajibu, mama alikuwa amesimama na kiondo chake. "Twende," akasema.

Alikuwa ameshageukia mahali alipodhani ni mlangoni. Ulikuwa ukuta wenye picha ya jicho kubwa. Nikamshika mkono, akautoa.

"Mama, kaa kidogo."

"Sikai. Unataka kumfuta mtoto ili uniandike mimi? Jina halirudi nyuma. Nililitoa likaenda mbele. Ukimfuta yule umenifuta mimi, nikiwa bado natembea." Hakuwa anapiga kelele. Mama akiogopa huongea taratibu. "Na akiugua kesho? Utaniangaliaje, nikikuangalia na jicho jipya?"

Hapo alinishika pabaya, maana swali hilo nilikuwa nimejiuliza tayari. Binti yangu ni mzima, lakini mzima wa Tena ni yule ambaye bado hajateleza kwenye ngazi. Nilitaka kulia. Badala yake nikakasirika tena, safari hii na mama mwenyewe, na nadhani hasira ndiyo iliyoniokoa kwa sababu ilinipa maneno ambayo nisingeyapata kwa heshima.

"Mama, tangu yule mtoto azaliwe umenieleza nini? Ukisikia amepewa nyama kidogo husemi anayenyimwa ni wewe? Siku alipoanguka shuleni hukunipigia simu kuniambia goti lako linauma?"

"Liliuma."

"Basi. Wewe ni yeye na yeye ni wewe. Mtu mmoja. Na mtu mmoja anataka kadi mbili za nini? Yeyote aliyeandikwa, nyote mmeandikwa."

Wagonjwa wawili waliokuwa benchini, mmoja ana kitambaa jichoni, walikuwa wameacha kujifanya hawasikii. Mzee mwenye kitambaa akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia hoja nzuri kanisani.

"Umeanza kuongea kama kompyuta," mama akasema mwishowe.

Na ilikuwa kweli. Hoja niliyoitoa ilikuwa ileile ya mfumo, neno kwa neno, isipokuwa mfumo haukupandisha sauti. Lakini mama alikuwa amenaswa na maneno yake mwenyewe, na ni mtu wa haki, akishindwa hushindwa. Alipapasa benchi, akakaa, akaweka kiondo magotini.

"Haya," akasema. "Mwambie aniandike. Lakini yule mtoto asipande miti."

Kule Tena hakuna miti ya kupanda. Nilimrudia madam kwenye simu, na chai niliyonunua pale mlangoni ilikuwa bado moto simu yangu ilipolia kwa ujumbe: Hongera kwa kusasisha marupurupu yako. Dada wa mapokezi aliangalia kompyuta, akamwangalia mama, na kwa mara ya kwanza wawili hao wakakubaliana. Mama akaingizwa ndani. Alipofika mlangoni aligeuka upande wangu, akaniangalia mahali palipo na bega langu, akasema nisitoke pale. Sikutoka. Niliogopa kuliko siku niliyokwenda kujifungua.

Alipotoka alikuwa amefungwa jicho na amekasirika kwamba haikuuma. Nilimpeleka nyumbani kwa teksi. Usiku binti yangu alikohoa mara moja nikaketi kitandani. Maji, Mama, nilimwambia, kunywa maji. Alikuwa amepaliwa na ugali tu aliouiba jikoni, lakini nilikaa nikimsikiliza akipumua, mtoto wangu asiye kwenye kompyuta yoyote ya kampuni mpaka Januari, na nikaona jinsi miezi hiyo itakavyokuwa mirefu. Nilimkataza kuruka kamba. Nilimkataza mahindi ya kuchoma ya barabarani. Kama ningeweza ningemkataza kukua.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, kwa hivyo tulirudi hospitali watatu kutoa kitambaa. Muuguzi alikuwa kijana mpole anayemwita kila mgonjwa mama au baba. Alikifungua taratibu, akafuta jicho, akamwambia afumbue polepole.

Mama alifumbua. Kwanza aliangalia mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichoazimisha akakuta kimechakaa. Aliangalia dirisha. Kisha akaniangalia mimi kwa muda. "Umezeeka," akasema. Nikacheka huku machozi yananitoka, nikamwambia asante.

"Shosho, mimi unaniona?" binti yangu akauliza.

Mama alimvuta karibu. Alimshika kidevu akamgeuza uso kwenye mwanga, upande huu, halafu upande ule. Mara ya mwisho kumwona vizuri, mtoto alikuwa bado anabebwa mgongoni. Sasa alimtazama paji la uso, akamtazama macho, akapitisha kidole kwenye pua ambayo kwetu hakuna aliye nayo, na mimi pua hiyo naijua ilikotoka. Binti yangu alisimama wima bila kupepesa macho kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Muuguzi akajifanya anatafuta dawa. Mama aliendelea kumgeuzageuza uso mpaka nikaogopa kwamba jicho limekataa.

"Huyu si mimi," akasema.

Hakuwa na huzuni. Alikuwa na mshangao wa mtu aliyefunguliwa mlango na mgeni mzuri. Alimshika mtoto kwa mikono miwili sasa, hakumwachilia, na bila kuniangalia akaniambia, "Mpigie yule madam. Mwambie tuko wawili."